Mtamba wa Kunyamaza

Kwenye matanga mimi huhesabu viti mara mbili. Mara ya kwanza nahesabu vilivyopangwa, mara ya pili nahesabu vilivyokaliwa na watu wanaosikiliza. Hesabu ya pili huwa ndogo, mpaka jeneza lianze kushuka. Hapo nikigusa nyuzi za gitaa, hesabu zote mbili zinalingana. Hata wapishi wanaacha mwiko ndani ya sufuria. Kuna waimbaji wa Nairobi wenye spika za kujaza lori ambao hawajawahi kupata ukimya wa namna hiyo. Mimi naupata karibu kila wiki, na akitokea mnunuzi namuuzia leo hii.

Mimi ni mwimbaji wa kujitegemea. Natunga mwenyewe, napiga gitaa mwenyewe, nalibeba mwenyewe. Meneja wangu ni mimi, na hatuelewani. Kazi inayonilisha ni kibanda cha sweta za mitumba sokoni Githongo. Zamani CD zangu zilining'inia kati ya sweta, zimebanwa na vibanio vya nguo. Siku hizi mteja akinunua sweta namtumia wimbo kwa simu kama nyongeza, vile wenzangu wa nyanya wanavyoongeza dania. Nimetoa albamu tatu, zote kwenye studio moja ya Meru mjini, chumba kilicho nyuma ya duka la dawa, ambapo ilibidi tukatize kurekodi kila mteja akikohoa upande ule. Albamu tatu, nyimbo thelathini na moja. Nimezihesabu tena sasa hivi. Ni thelathini na moja. Watu wanataka mmoja.

Huo mmoja niliutunga nikiwa na miaka kumi na tisa. Kaka yangu alitaka kuoa msichana wa Kibirichia, na kule kwenye viazi hawana mchezo na mahari. Nyumbani tulikuwa na mtamba mmoja, ng'ombe msichana ambaye hajazaa bado. Mimi ndiye niliyemlea kwa chupa baada ya mamake kufa. Asubuhi moja wazee walimfunga kamba, wakamtoa langoni, na kaka yangu akapata mke. Sikuulizwa. Gitaa nililokuwa nalo nilikuwa nimebadilishana na mwalimu aliyehamishwa: yeye akaondoka na koti, mimi nikabaki na gitaa la nyuzi tano na ahadi ya uzi wa sita. Niliketi kando ya zizi tupu nikaimba kwa Kimeru maneno ambayo kwa Kiswahili ni kama haya: lango liko wazi, kamba iko kwenye msumari, nani sasa atanilamba mkono. Ni wimbo wa ng'ombe. Hauna Mungu, hauna kaburi, hauna marehemu.

Na watu walijua hivyo. Redio ya lugha yetu iliucheza saa za kukamua, na wanawake waliniambia ng'ombe wao waliachilia maziwa vizuri. Ningebaki hapo ningekuwa na furaha. Lakini kule Mikinduri kulikuwa na dalali wa ng'ombe aliyeupenda kupita kiasi, na kabla ya kufa aliwaambia watoto wake kwamba asipoimbiwa wimbo wa mtamba akishushwa, atapanda juu tena. Wakanifuata. Nikaimba. Mtu mzima aliyeuza ng'ombe miaka yote hiyo akaenda na wimbo wa ng'ombe, nikaona ni haki yake. Nilidhani ni mara moja.

Mwezi uliofuata nikaitwa kwa mwalimu mstaafu ambaye hakuwahi kufuga hata kuku. Kisha kwa mama wa kwaya. Halafu katekista mmoja akauweka kwenye ratiba ya mazishi iliyopigwa chapa, kati ya mahubiri na udongo, na wengine wakanakili ratiba yake pamoja na makosa yake. Kutoka hapo mambo yakajiendesha. Leo kutoka Imenti mpaka Embu chini kwenye joto, jeneza halishuki vizuri bila mtamba wangu. Kuna mtu aliyenipungia mkono barabarani, kisha akakumbuka mimi ni nani akaurudisha mkono mfukoni.

Nilijaribu kutoka. Kuna mkahawa wa nyama choma Embu mjini ambao kila Jumapili mchana huweka mwimbaji. Nilimwomba mwenyewe anipe siku moja, nikamwahidi nyimbo mpya tupu. Nikaimba wa mvua, nikaimba wa mwanamume aliyekuja kununua sweta ya mkewe akanunua mbili. Huo wa pili ni wimbo wa kucheka. Hakuna aliyecheka. Kwenye meza ya dirishani wanaume watatu walivua kofia. Mwenye mkahawa akaja akasimama karibu nami, anafuta mikono kwenye aproni.

"Mama, leo ni Jumapili."

"Najua."

"Watu wamekuja kula nyama."

"Naona."

"Meza ile ya dirisha wameuliza ni nani amekufa."

"Waambie hakuna."

"Nimewaambia. Sasa wanauliza ni nani mgonjwa."

Alinifungia mbavu kwenye gazeti nikaenda nazo nyumbani. Zilikuwa sita. Mtu mzuri.

Sasa, nimesema nyimbo ni thelathini na moja. Kwa kweli ni thelathini na mbili. Mmoja nilikuwa nimeuficha.

Nina mtoto mmoja, msichana, na nimemlea peke yangu. Alipoanza kutembea nilimtungia ubeti mmoja. Alipoanza shule nikaongeza wa pili, alipong'oka jino wa tatu, ikaenda hivyo mpaka zikawa beti nane. Ndani yake kuna vile alivyokuwa akila udongo chini ya miti ya kahawa ya nyanya yake, mdomo mwekundu, na ukimuuliza anakula nini anasema hakuna. Kuna vile alivyonikataza kumwita jina la utani mbele ya wenzake. Sikuupeleka studio, sikuuimba sokoni, hata yeye alisikia vipande tu nikiosha vyombo. Niliogopa mtu akiusikia ataupeleka kaburini kama ule mwingine. Huu nilikuwa nimeuwekea siku moja tu: siku ya harusi yake, mchana, watu wakiwa wameshiba, nisimame niuimbe kutoka mwanzo mpaka mwisho. Nilingoja siku hiyo miaka ishirini na nne.

Mchumba alipatikana. Mwalimu, kijana mpole wa Embu ya chini, ukoo wa wafugaji wa mbuzi. Wakaja Githongo kuongea mahari, watu kumi na wanne, nikawahesabu wakishuka, nikawahesabu wakiingia, maana kati ya gari na mlango watu wa aina hii huongezeka. Kwetu mama ya msichana haketi mezani. Anakaa jikoni na wanawake, na kaka yake ndiye anayemsemea. Mimi niliyewahi kubishania sweta moja kutoka saa mbili mpaka saa nne, na nikashinda, siku ya biashara kubwa kuliko zote nilipewa mwiko nikaambiwa nisonge mukimo wa viazi. Na aliyenisemea ni kaka yule yule aliyeoa Kibirichia.

Ukuta wa jikoni ni wa mbao, kwa hivyo nilisikia yote. Upande wao msemaji alikuwa mzee mmoja, kaka mkubwa wa babu ya kijana, mwenye kofia ya kahawia na sauti ya mtu aliyeuza mbuzi maisha yake yote. Nilimpenda mara moja, kama fundi anavyompenda fundi. Alilalamikia barabara, akalalamikia kiangazi, akasifu mukimo kabla hajauona. Walipomaliza asali, blanketi, kondoo na ng'ombe, akakohoa.

"Wakwe, kuna jambo moja dogo."

Wanawake wote jikoni wakasogea ukutani. Msemaji akisema dogo, kaa chini.

"Huyu mama yetu wa gitaa tunamheshimu," mzee akasema. "Amenizikia watu wanne, na amewazika vizuri. Lakini siku ya harusi wageni wangu wakimsikia ameanza, watainuka watafute jembe."

Wanaume wakacheka. Nikasikia kaka yangu akicheka pia.

"Kwa hivyo tunaomba hiyo siku apumzike. Asiimbe. Na hatuombi bure, tunaongeza mtamba."

Nikaangalia ukuta. Nilijua kaka yangu sasa atasema acha nimuulize dada yangu. Ni maneno manne.

"Mtamba wa aina gani?" akauliza kaka yangu.

Niligonga sufuria na mwiko, nguvu zangu zote. Shangazi yangu akanishika mkono. "Wewe," akaninong'oneza, "unataka msichana azeekee hapa kwa sababu ya wimbo?"

Upande wa pili walifungua kitita cha miraa, kile cha heshima kilichofungwa kwa majani ya mgomba, wakatafuna pamoja. Kikishafunguliwa hakuna kitu kinarudi mezani. Nikapakua mukimo. Sahani kumi na nne, na ya kaka yangu.

Mtamba akaja wiki ile, juu ya pikapu, wa kahawia na alama nyeupe kwenye paji. Mzuri. Hapo ndipo walipokosea, au pengine walijua walichofanya. Nilimfunga zizini nikamletea majani, akamaliza, akanilamba mkono. Nikaenda nyuma ya nyumba nikakaa juu ya debe.

Siku tatu sikulala vizuri. Ya nne nikapata akili, au nilidhani ni akili. Biashara nazijua: ukirudisha bidhaa, mkataba umevunjika. Mtamba akirudi kwao, mdomo wangu unarudi kwangu, na mambo mengine yanabaki vile vile. Asubuhi nikamfunga kamba, nikamtoa langoni, nikaanza kumteremsha polepole kuelekea lami nikatafute pikapu. Nilikuwa hata napiga mluzi.

Sikufika. Njiani nilipishana na mama wa mboga, na wachuma kahawa watano, na mwenye duka aliyetoka nje na kikombe mkononi. Wote walimwangalia mtamba, wakaniangalia, hawakunisalimia. Nilikuwa bado naandaa matusi ya kuwarudishia nilipomwona binti yangu anakuja mbio kutoka chini, na viatu vya kazini miguuni, simu mkononi.

"Mum, unanirudisha?"

"Narudisha mtamba tu, niimbe wimbo wangu."

"Mama mkwe ananipigia analia! Mtu amempigia simu akamwambia umewarudishia mahari." Alikuwa hana pumzi. "Mum, kwao mtamba ndio mimi. Ukimshusha huko, harusi imeisha. Hukujua?"

Nilijua. Kila mtu kwetu anajua, mtoto wa darasa la pili anajua: mnyama wa mahari akitoka kwa lango lile aliloingilia, msichana ameachwa. Nimeimba miaka yote hii juu ya mtamba wa mahari asiyerudi. Lakini nilikuwa nimekaa sokoni sana mpaka nikamwona huyu kama sweta iliyokosa saizi.

"Kwani ni wimbo gani huo hata?" akaniuliza, sasa taratibu. "Si unaweza kuniimbia hapa tu?"

Barabarani, mbele ya mwenye duka na kikombe chake. Nikamwambia hapana. Huo haukuwa wimbo wa kuimbwa kando ya mtaro, ulikuwa na siku yake. Yeye akashika kamba, akamgeuza mtamba, tukapanda kilima watatu, wale wachuma kahawa wakaanza kunisalimia.

Harusi ilikuwa nzuri. Tenti nane, viti mia nne na kumi, nyuma ya tenti ya nne kulikuwa na vingine sita vilivyovunjika. Aliyeimba ni kijana wa kinanda kutoka Chuka, nyimbo ambazo kinanda kinajipigia na yeye anasaidia. Niliketi mstari wa mbele na kitambaa changu kipya kichwani, mikono mapajani, na kila mara vidole vya kushoto vikajipanga vyenyewe kuanza wimbo wangu, nikavifungua. Binti yangu alipopita mbele yangu kwenda kwao, nikafungua mdomo, nikameza hewa.

Mzee wa kofia ya kahawia akaja akavuta kiti karibu, si karibu sana, umbali wa wakwe.

"Mkwe, nimekufunga mdomo kwa bei nzuri."

"Ndogo," nikamwambia. "Ningekuwa mezani ungeacha wawili."

"Najua. Ndio maana nilishukuru ulikuwa jikoni." Akacheka mpaka kofia ikasogea. "Usinikasirikie. Mimi ule wimbo naupenda. Siku yangu ikifika njoo uniimbie."

"Ya kwako nitaongeza bei."

"Ongeza," akasema. "Mimi sitakuwepo kulipa."

Hakukaa sana. Mwaka haujaisha, mapafu yakamshinda, na wazee watatu wa kwao wakaja kibandani kwangu siku ya soko. Walisimama kati ya sweta wakiwa wamevua kofia. Niliumia, sikufichi, wauzaji wazuri hawabaki wengi. Mmoja akasema walichokuja kusema, kwamba marehemu aliacha neno, kwamba ule wimbo, kwamba Jumamosi.

Mara hii kaka yangu hakuwepo. Hakukuwa na ukuta wa mbao.

"Nitaimba nyimbo mbili," nikasema. "Kwanza mmoja wangu, mwili ukiwa bado juu. Halafu ule wa mtamba."

Wakaangaliana. "Huo mmoja ni wa matanga?"

"Ni wangu."

"Ni wa dini?"

"Una udongo ndani."

Wakashauriana nyuma ya sweta. Niliwaona wakihesabu, na mimi nikahesabu nao. Mtu mwingine wa kumshusha mzee wao hawakuwa naye. Wakarudi wakasema sawa. Nikawaambia hiyo ndiyo bei, sitaki kitu kingine, na wakaniangalia kama wanatafuta nimeficha wapi kisu.

Nilijua ninachofanya. Binti yangu sasa alikuwa mke wa boma lile, na siku ya mazishi angekuwa pale. Harusi nyingine asingekuwa nayo. Niliona ni afadhali ausikie mahali pabaya kuliko asiusikie.

Boma lao liko chini ambako udongo ni mwekundu mkavu na mbuzi wanasimama kwa miguu miwili kula migunga. Viti mia mbili na sitini. Binti yangu alikuwa anapita kati ya watu na birika kubwa, leso kiunoni, tumbo limeanza kuonekana. Hatukuwa tumeongea tena juu ya wimbo. Waliponiita, nikasimama kando ya jeneza, nikamwambia mzee kimya kimya, umenilipa. Nikaanza.

Ubeti wa kwanza aliendelea kumwaga chai. Wa pili akasimama. Kikombe cha mjomba mmoja kikajaa, kikamwagika kwenye sahani, mjomba akakivuta kwake. Nilipofika pale pa udongo wa chini ya kahawa, mdomo mwekundu, unakula nini, hakuna, binti yangu akacheka. Alicheka kwa sauti, kwenye mazishi ya mkwe wake, mbele ya wazee wote, kisha akafunika mdomo na leso na mabega yakaendelea kutikisika. Sikujua kama bado ni kicheko. Nikaimba zilizobaki nikimwangalia yeye tu. Beti nane, mchana, kutoka mwanzo mpaka mwisho, ingawa watu hawakuwa wameshiba bado.

Halafu nikaimba mtamba, na mzee akashuka vizuri.

Nilikuwa naingiza gitaa kwenye mfuko wake nilipomwona mwanamke mmoja amesimama mbele yangu, macho mekundu, mgeni kabisa kwangu. Akanipa pole ya kazi. Akauliza nambari ya simu.

"Sio ule wa mtamba," akasema. "Ule wa kwanza. Wa mtoto. Mama yangu alituacha juzi, tunazika Alhamisi. Ungekuja utuimbie huo jeneza likishuka, tungeshukuru sana. Watu wote pale nyuma walikuwa wanausema."

Nikaangalia nyuma. Kweli, walikuwa wanausema. Wawili walikuwa na simu juu, wanarudia kusikiliza. Karibu na jikoni binti yangu alikuwa amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, birika chini, anajifuta uso na kutabasamu peke yake.

Nikazihesabu beti kichwani, mara mbili, kama mtu anayeangalia ni sweta gani anaweza kuondoa kwenye bunda kabla mnunuzi hajalifungua.

"Nitakuja," nikamwambia. "Ni beti saba."

"Mimi nilisikia kama nane."

"Saba," nikasema.

Alhamisi niliimba saba. Ubeti wa udongo niliubakisha.